Punje ya Mchele

Nyumbani kwetu Makongeni kila mtu alishona
ila mimi.
Nyanya Syokau alisuka viondo akitembea,
katani begani, maneno mdomoni.
Mjomba Musembi alivalisha makochi kule Gikomba
kwa sindano iliyopinda kama mkia wa nge.
Mama alikuwa na kibanda Soko la Uhuru:
marinda ya shule, kola, kaptura za kaki.
Januari nzima hatukumwona uso.
Mwana hutazama kisogo cha nina, walisema,
nami kisogo cha Mama nilikijua kweli:
mikunjo miwili, tone la jasho katikati,
na uzi wa kijani ulionasa nyweleni
hadi Jumapili.

Walijaribu. Mungu anajua walijaribu.
Nilipewa kitambaa, nikashona kidole.
Nilipewa cherehani, mkanda ukachomoka.
Vifungo nilivyotia vilining'inia
kama meno ya mtoto wa darasa la pili.
Mama mdogo Kalekye akasema, "Huyu damu ilimruka,
vile mvua huruka shamba moja."
Mama hakujibu.
Alivunja wembe nusu,
akaufunga upande mmoja kwa utepe,
akanisogezea furushi la nguo zilizokosewa.
"Basi wewe fumua."

Nikafumua.
Miaka sita, baada ya shule, chini ya meza yake,
kwapa za blauzi, viuno vya suruali,
gauni la harusi iliyoahirishwa,
sare ya mtoto aliyehamishwa kabla ya kuivaa.
Fundi huiona nguo kwa nje.
Mimi niliisoma kwa ndani
palipo na mafundo, viraka vya siri,
na vile vidole viwili vya akiba
ambavyo Mama alivificha kwenye pindo
bila kumtoza mteja,
ili mtoto akirefuka, sketi imfuate.

Na hapo ndipo nilipoliona jambo
ambalo mafundi wa ukoo wetu hawakulijua:
mshono wa Mama, unyooke utakavyonyooka,
ukikaribia mwisho huenda kushoto.
Kidogo tu. Upana wa punje ya mchele.
Nilidhani ni macho yake. Nilidhani ni cherehani.
Kisha kiondo cha Nyanya kikachakaa, nikakifumua:
duara la mwisho, kushoto.
Nikainua kitambaa cha kochi la mjomba, nikachungulia.
Kushoto.

Sikuwaambia. Ningewaambiaje?

Mama amelala Machakos mwaka wa kumi na mmoja.
Mimi hufanya hesabu za kiwanda cha rangi,
na cherehani yake iko kwangu, Donholm,
imefunikwa leso, juu yake risiti za maji.
Juzi stima zilipotea.
Mwanangu Kyalo, miaka kumi,
ambaye nyanya yake anamjua kwa picha ya kitambulisho tu,
alichoka kukaa bure.
Mkoba wake wa shule ulikuwa umepasuka ubavu,
na cherehani ya miguu haina haja na stima.
Hakuna aliyemfunza.
Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia ile sauti,
ile niliyolala chini yake nikiwa mdogo,
nikasimama mlangoni na mwiko mkononi.
Kisogo chake kilikuwa kimeinamia mshumaa.
Mikunjo miwili.

Aliniletea mkoba.
Nikaugeuza ndani nje, tabia haiishi,
nikaufuata mshono kwa ukucha:
sawa, sawa, sawa, sawa,
halafu kule mwisho ukucha wangu
ukakata kona bila kuambiwa.
Akaniangalia usoni. "Nimekosea? Nifumue?"
Kile kipande cha wembe bado ninacho,
kwenye kopo la vifungo, utepe umekuwa mweusi.
Nikamwambia, "Acha."

Wali ulikuwa umeshika chini.
Tuliula hivyo hivyo, gizani,
mkoba ukiwa mapajani mwangu.